Asubuhi ya Mtu-Mbwamwitu: Hiari na Hatia katika Filamu za Kutisha

Wapenzi wa filamu za kutisha wanapobishana kuhusu filamu bora ya vampaya na filamu bora ya mtu-mbwamwitu, jambo moja hujitokeza bila wao kulitamka. Anayesifu filamu ya vampaya humtaja mwigizaji: Max Schreck katika Nosferatu ya 1922, Bela Lugosi katika Dracula ya 1931, Christopher Lee katika ile ya 1958. Anayesifu filamu ya mtu-mbwamwitu humtaja fundi wa vipodozi: Jack Pierce, Rick Baker, Rob Bottin. Upande mmoja hupimwa kwa sauti, macho na mwendo. Wa pili kwa manyoya, mpira na mifupa inayorefuka mbele ya kamera. Kwa kipimo hicho vampaya hushinda kwa urahisi, maana ana kizazi baada ya kizazi cha waigizaji wakubwa, na mwenzake ana dakika chache za ufundi.

Makala haya yanakipinga kipimo chenyewe. Nashikilia kwamba kiini cha filamu ya mtu-mbwamwitu hakimo katika onyesho la kugeuka. Kimo katika asubuhi inayofuata, mtu anapoamka akakuta dalili za kitendo ambacho mkono wake umekitenda na moyo wake haukukijua. Filamu ya vampaya haina asubuhi ya namna hiyo. Tukikubali hilo, itatubidi kuzipanga upya filamu tunazozisifu, na baadhi ya zile zilizozoea kukaa juu zitashuka.

Tuanze na vampaya, kwa kuwa yeye ana kitabu. Bram Stoker alichapisha Dracula mwaka 1897, na mtu anayekutana nasi humo ni mtu wa mipango. Ananunua nyumba Uingereza kupitia wakili, anajifunza lugha ya nchi anayotaka kuivamia, na mgeni wake anamkuta akisoma hata ratiba ya treni za huko. Kila tone la damu analolinywa limetanguliwa na nia. Lugosi, aliyekwisha kumwigiza jukwaani Broadway mwaka 1927, alilielewa hili vyema. Katika filamu ya Tod Browning haonyeshi meno marefu hata mara moja. Hana haja nayo. Anatamka maneno polepole, anamtazama mtu, na mtu yule anafuata. Terence Fisher alipomtengeneza upya kwa rangi katika studio za Hammer, Lee alipewa meno, macho mekundu na maneno machache mno, lakini utashi ulibaki palepale: huyu ni bwana anayejua anachokitaka na anayejua mlango upi unafunguka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulitambua jambo hili. Simulizi za mumiani, na zile za wazimamoto ambazo Luise White alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia ya ukoloni, hazina mwungwana mpweke mwenye joho. Zina gari, zina mshahara, zina mkubwa anayetoa amri na watumishi wanaotekeleza. Hata hivyo hofu iliyomo ni ya ukoo mmoja na ile ya Dracula: mnyonyaji anajua. Damu haimwagiki kwa bahati mbaya. Inachukuliwa, inapelekwa mahali, ina faida kwa mtu fulani. Aliyekua akizisikia habari hizo hashangai kumwona Dracula akiweka sahihi kwenye karatasi za wakili.

Sasa tazama kinachompata vampaya kunapokucha. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mchana. Nguvu zake hupungua tu. Aliyeligeuza jua kuwa kifo ni F. W. Murnau, katika Nosferatu, filamu ambayo mjane wa Stoker, Florence, aliishtaki kwa kuiba kazi ya mumewe hata mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zake ziharibiwe. Nakala kadhaa zilinusurika, na pamoja nazo lilinusurika wazo la mwisho wa filamu: mwanamke anamzuia mnyonyaji kitandani mwake mpaka jogoo anawika, mwanga unaingia dirishani, naye anatoweka kama moshi. Wazo hilo likaenea hadi watazamaji wengi leo wanalidhania kuwa la kale. Ninaloliona muhimu zaidi ni athari yake katika muundo wa hadithi. Tangu wakati huo asubuhi ya vampaya ikawa adhabu inayotoka nje yake. Halazimiki kuamka akajitazama. Kukicha amelala, au amekufa, na filamu imekwisha.

Mtu-mbwamwitu hakurithi kitabu kama hicho. Guy Endore aliandika riwaya nzuri kuhusu kiumbe huyu wa Paris mwaka 1933, lakini haikupata kuwa msingi wa wote. Universal walijaribu mwaka 1935 kwa Werewolf of London, wakampa Henry Hull nafasi ya mtaalamu wa mimea aliyeumwa Tibet. Yule bwana ni baridi mno. Kazi yake anaipenda kuliko mkewe, na anapogeuka tunaona mwanasayansi mwingine aliyeponzwa na maabara yake. Ilibidi kungoja hadi Desemba 1941, The Wolf Man ilipotoka, ikiongozwa na George Waggner kwa muswada wa Curt Siodmak.

Hapa inafaa kutua. Larry Talbot, aliyeigizwa na Lon Chaney Mdogo, amerudi nyumbani kwa baba yake huko Wales baada ya kaka yake kufariki. Usiku mmoja anasikia mwanamke akipiga kelele msituni, anakimbia kumwokoa, anampiga mnyama hadi anamuua, na katika purukushani anaumwa. Laana yake ni malipo ya wema. Hakukaribisha mtu nyumbani kwake, hakutamani uzima wa milele, hakuvuka mpaka wowote uliokatazwa. Kisha filamu inafanya jambo ambalo mashabiki wengi hawalikumbuka: inatunyima onyesho la kugeuka. Tunaona miguu yake tu ikiota manyoya. Uso wa Chaney haubadiliki mbele yetu kuwa wa mbwamwitu. Mabadiliko ya uso tunayoyaona ni ya kurudi, mwishoni, mnyama aliyekufa anapokuwa tena mtoto wa watu. Uso kugeuka waziwazi kuelekea unyama ni jambo la filamu iliyofuata, ya 1943, ambayo pia ndiyo iliyompa mwezi mpevu. Filamu iliyoasisi kila kitu haikutegemea kile tunachokitumia leo kuzipima filamu za aina yake.

Ilichotupa ni asubuhi. Larry anaamka na kuona nyayo za mnyama zenye matope zinazotoka dirishani zikaja mpaka kitandani pake. Anazifuta. Katika kitendo hicho kidogo mna zaidi ya kilichomo katika mizigo yote ya manyoya ya Pierce, kwa sababu anayefuta nyayo amekwisha kujua, na bado anatumaini hajui. Majuto yake hayatokani na uamuzi aliofanya jana. Yanamfikia kama habari kuhusu mtu mwingine, kisha mtu yule anakuwa yeye.

Siodmak alikuwa Myahudi aliyezaliwa Dresden na kuikimbia Ujerumani ya Wanazi. Katika muswada wake aliyeumwa huona nyota kwenye kiganja cha yule atakayeuawa, na wachambuzi wengi wameiona humo nyota waliyolazimishwa kuvaa watu wake. Nakubaliana nao, ila naongeza kwamba kilicho kizito zaidi ni nafasi ya anayeiona. Larry si anayewindwa. Ni jirani mwema, kijana wa familia inayoheshimika, ambaye usiku mmoja anagundua kuwa macho yake yanachagua wa kuuawa. Mtu aliyewaona majirani wa namna hiyo wakibadilika katika nchi aliyozaliwa alikuwa na sababu ya kuliuliza swali hilo kutoka ndani.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1981, zilitoka filamu mbili zilizokiweka kipimo tunachobishana nacho. The Howling ya Joe Dante na An American Werewolf in London ya John Landis zilimfanya fundi kuwa nyota. Baker, aliyekuwa ameanza kazi kwenye ile ya kwanza kabla ya kumwachia Bottin, alipata kwa ile ya pili tuzo ya Oscar ya vipodozi katika mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kutolewa kila mwaka. Onyesho lake halijapitwa: sebule yenye taa zinazowaka, kijana anayelia kwa maumivu, kiganja kinachorefuka bila kamera kukwepa. Anayelisifu hakosei.

Lakini hizo filamu mbili si za aina moja, na hapo ndipo kipimo cha kugeuka kinapotupotosha. Katika The Howling, watu-mbwamwitu wanaishi pamoja kwenye kambi, wanajijua, na wengi wao wanafurahia. Mmoja wao, Eddie Quist, anapogeuka, mhusika mkuu Karen amesimama akimtazama kwa muda mrefu ajabu pasipo kukimbia, kwa kuwa filamu inataka sisi tutazame. Hiari imechukua nafasi ya hatia. Kwa mtazamo wangu hiyo ni filamu ya vampaya iliyovikwa manyoya, na ni nzuri kwa namna filamu za vampaya zilivyo nzuri.

Ya Landis ni tofauti kabisa. David, kijana wa onyesho lile la kugeuka, anaamka uchi ndani ya kizimba cha mbwamwitu katika bustani ya wanyama ya London, mzima wa afya, karibu mwenye furaha. Anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Habari za waliouawa zinamfikia kupitia kinywa cha dereva wa teksi. Anajaribu kumfanya polisi amkamate katika uwanja wa Trafalgar, na polisi anamwona msumbufu tu. Kisha wanakuja wafu. Rafiki yake Jack, ambaye mwili wake unazidi kuoza kila anapotokea, anampeleka kwenye jumba la sinema la Piccadilly ambako waliouawa wameketi wakimngoja. Wanamshauri, mmoja mmoja, jinsi ya kujiua, kwa sababu hawatapumzika mpaka yeye afe.

Hapo ndipo tofauti ya aina hizi mbili inapokuwa wazi kuliko mahali popote. Wafu wa vampaya huamka wakawa wake zake na watumishi wake. Lucy wa Stoker anakuwa mnyonyaji kama aliyemnyonya. Wafu wa mtu-mbwamwitu huamka wakawa wadai. Mmoja anajenga milki, mwenzake anajenga baraza la mashahidi.

Litaletwa pingamizi kwamba wako vampaya wenye majuto, nao si wachache. Louis wa Interview with the Vampire ya 1994 analia filamu nzima. Dracula's Daughter ya 1936 ina mwanamke anayemwendea daktari wa akili atafute kuponywa. Hata hivyo Louis anakumbuka kila koo; jioni ikifika anaweza kuchagua panya badala ya binadamu, na kwa muda anafanya hivyo. Huzuni yake ni ya mtu anayejua bei ya chakula chake. Ganja & Hess ya Bill Gunn, iliyotoka 1973, inanisumbua zaidi, kwa kuwa Duane Jones anamwigiza msomi aliyechomwa kisu na kuamka na kiu asiyoiomba. Ila Gunn anaiongoza habari hiyo kuelekea uraibu na kanisa, mahali ambapo mtu huamua kuendelea au kuacha.

Na yuko Blacula. Filamu ya William Crain ya 1972 inamleta Mamuwalde, mwana wa mfalme kutoka Afrika, anayefika kwa Dracula mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa, naye analipwa kwa kugeuzwa na kufungiwa ndani ya jeneza. Anaamkia Los Angeles ya karne ya 20. William Marshall, mwigizaji mwenye sauti iliyozoea Shakespeare, anamjaza heshima ambayo muswada peke yake usingempa. Mwishoni, mwanamke aliyempenda akiwa amekufa, hakuna anayemsukuma nje: anapanda ngazi mwenyewe hadi kwenye jua. Sijui kifo cha vampaya kilicho kikubwa kuliko hicho katika sinema. Lakini tazama kilivyo kikubwa. Ni hiari iliyofika kileleni, mtu aliyenyimwa uhuru akiutwaa kwa kuchagua asubuhi yake.

Nikizipanga upya basi, The Curse of the Werewolf ya 1961 inapanda sana, licha ya Fisher kumwonyesha mnyama kwa uchache na kwa kuchelewa, kwa sababu Oliver Reed amefungwa seli akiomba auawe kabla usiku haujaingia, na risasi ya fedha inatoka kwa mkono wa baba aliyemlea. Dog Soldiers ya 2002 inabaki filamu safi ya vita vya kuzingirwa, isiyo na asubuhi ya kuzungumzia. Ginger Snaps ya 2000 ilinipa shida, maana Ginger hageuki na kurudi. Anakwenda upande mmoja tu, siku baada ya siku, tangu damu yake ya kwanza ya mwezi. Nimeridhika kwamba Karen Walton, aliyeandika muswada, aliihamisha asubuhi kwa mdogo wake Brigitte. Ni yeye anayesafisha, anayezika na anayesema uongo kwa wazazi.

Kesi inayoipima hoja hii kwa ukali zaidi ni The Wolfman ya 2010, kwa kuwa ni hadithi ileile ya 1941 ikitengenezwa upya kwa vipodozi vya Baker yuleyule. Yeye na Dave Elsey walipata Oscar kwa kazi hiyo, na waliistahili. Katika filamu ya Siodmak, Sir John aliyeigizwa na Claude Rains hasadiki kwamba mwanawe anageuka. Anampiga mnyama kwa fimbo yenye kichwa cha fedha hadi anakufa, kisha anauona uso wa Larry ukirudi chini ya mkono wake. Asubuhi ile mbaya inahamia kwa baba. Mwaka 2010 Sir John, safari hii Anthony Hopkins, ni mtu-mbwamwitu mwenyewe, anajua tangu mwanzo, na anapenda alivyo. Baba na mwana wanapambana wakiwa wanyama wawili ndani ya jumba linaloungua. Manyoya ni bora, mifupa ni bora, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliye na jambo lililobaki la kugundua.