Kituo cha Polisi Kilichogeuzwa Chuo cha Ufundi

Mwezi wa Juni mwaka 2008 mji wa Arusha ulipokea Mkutano wa Leon Sullivan. Marais walikuja, wafanyabiashara wa Marekani walikuja, na kwa siku chache jina hilo likawa midomoni mwa watu. Mwenye jina hakuwapo, kwa kuwa alikwisha kufariki Aprili 2001. Wanafunzi wetu wa theolojia wanapolisikia leo hudhani alikuwa balozi, au tajiri fulani. Alikuwa mchungaji. Kwa miaka 38, tangu 1950 hadi 1988, alihudumia usharika mmoja tu, Zion Baptist Church, kaskazini mwa mji wa Philadelphia. Hao wafanyabiashara waliokuja Arusha kwa jina lake, yeye alianza kwa kugombana na wenzao.

Sullivan alizaliwa mwaka 1922 huko Charleston, jimbo la West Virginia, katika kichochoro cha vumbi, akalelewa na bibi yake. Alipokuwa mtoto aliingia dukani kununua soda, akaketi, akaambiwa asimame kwa sababu ni mweusi. Baadaye alisimulia kwamba siku ile aliamua atasimama maisha yake yote, lakini kwa namna nyingine. Alisoma chuo kwa msaada uliotokana na michezo; alipoumia goti msaada ukakatika, akafanya kazi katika kiwanda cha chuma ili amalize masomo. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Wengi wetu tuliosimama mimbarani kuhubiri habari za kazi hatujawahi kupangwa zamu ya usiku kiwandani.

Philadelphia aliyoikuta mwaka 1950 ilikuwa mji wa viwanda. Watu weusi walikuwa wamehamia kwa maelfu kutoka Kusini wakitafuta kazi, na kazi walizozipata nyingi zilikuwa za ufagio na za kubeba mizigo. Vijana wao walizurura na kupigana mitaani. Sullivan alianza kama wachungaji wengi wanavyoanza: aliwakusanya vijana, akaunda kamati za mtaa, akafungua ofisi ya kuwatafutia kazi. Akawaandikia wenye kampuni na kuwapelekea vijana. Wakarudi mikono mitupu. Mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 20 unawajua watu wa namna hii. Wale waliosimama sokoni hata saa kumi na moja, walipoulizwa kwa nini wamekaa bure mchana kutwa, jibu lao lilikuwa kwamba hapakuwa na aliyewaajiri. Sisi wahubiri tunapenda kupita haraka pale, tukimbilie neema ya dinari moja.

Mwaka 1960 wachungaji wapatao 400 wa makanisa ya watu weusi, wa madhehebu mbalimbali, walikubaliana jambo moja. Hawakuunda chama, hawakuwa na mweka hazina wala kumbukumbu za vikao. Waliwatuma wenzao wachache kwenda kuonana na kampuni ya Tasty Baking, iliyooka keki ndogo zilizopendwa mno na watu wao. Ombi lilikuwa dogo hata linashangaza: madereva wachache wa kusambaza keki, makarani wachache, na wasichana wachache katika idara iliyokuwa ya weupe peke yao. Kampuni ilipokataa, Jumapili iliyofuata wachungaji walisimama mimbarani kila mmoja kwake na kuwaambia washarika kwamba wao hawatanunua keki hizo hadi mambo yabadilike. Kina mama waliacha kununua. Wenye maduka mtaani waliona keki zinakauka kwenye rafu. Baada ya kiasi cha miezi miwili kampuni ilikubali, na wachungaji wakatangaza mimbarani kwamba sasa watu wanunue.

Kisha wakaenda kwa kampuni nyingine, na nyingine: za soda, za mafuta, za maduka ya vyakula. Hadi 1963 walikuwa wamezifikia karibu 30, na nyingine zilikubali kabla hata ya kususiwa. Martin Luther King na wenzake walimwita Sullivan awaeleze, na mwaka 1962 wakaanzisha Atlanta kazi ya namna hiyo hiyo, waliyoiita Operation Breadbasket.

Tunakaa hapa kidogo kwa sababu historia hii ikisimuliwa katika semina za maendeleo hukatwa kichwa. Huanzia kwenye chuo cha ufundi na urafiki wa kanisa na kampuni. Lakini urafiki ule ulitanguliwa na miaka mitatu ya kususa. Mwenye kiwanda aliketi mezani na mchungaji kwa kuwa alijua washarika wa mchungaji yule ndio wanunuzi wake. Wengine watasema hiyo ilikuwa shuruti, haikuwa upendo. Tunadhani wana wa Israeli wakimsikiliza Amosi wangeshindwa kutofautisha.

Milango ilipofunguka likaja tatizo ambalo Sullivan hakulitazamia. Kampuni zilisema: haya, tuleteeni fundi wa elektroniki, mchora ramani, mpiga chapa, mtu wa mashine ya kerezo. Watu wa namna hiyo hawakutosha. Shule za mitaa ile ziliwatayarisha watoto kwa kazi za chini, na vyama vingi vya mafundi viliwafungia weusi nje. Nafasi zikapatikana, mikono iliyotayarishwa haikuwapo. Sullivan alisema wazi kwamba kumwingiza mtu kazini bila kumwandaa ni kumwandalia aibu.

Ndipo Januari 1964 kilipofunguliwa chuo, katika kituo cha polisi cha zamani kilichoachwa, mahabusu yake yakiwa bado yamo. Serikali ya mji ilikikodisha kwa dola 1 kwa mwaka. Wapo washarika waliowahi kufungwa katika vyumba vile vile. Sasa waliingia kusoma. Chuo kiliitwa Opportunities Industrialization Centers, kwa kifupi OIC. Sullivan aliweka nyumba yake rehani, wafadhili binafsi wakachangia, baadaye Ford Foundation na serikali ya Marekani zikaongeza.

Namna kilivyofanya kazi ndiyo tunayoitamani. Kabla ya kununua mashine hata moja, waliwauliza wenye viwanda: mwaka huu mnahitaji watu wa kazi gani, na kwa mashine zipi? Kampuni zilitoa mashine zenyewe, zikatoa wafanyakazi wao kufundisha. Kwa hiyo kijana hakufundishwa kwa cherehani iliyokwisha kutupwa viwandani. Kozi ambayo haikuwa na mwajiri ilifungwa, hata kama ilipendwa. Na kabla ya ufundi kulikuwa na masomo ya utangulizi: kusoma, hesabu, namna ya kujibu maswali ya mwajiri, usafi, kufika kwa saa, na historia ya watu weusi, ili mtu ajue kwamba hakuzaliwa kuwa wa mwisho. Hakuna aliyefukuzwa kwa kutojua kusoma. Alianzia pale alipokuwa. Rais Lyndon Johnson alikuja kukiona chuo mwaka 1967, na kufikia hapo miji mingine ilikuwa inaomba chake. Mwaka 1969 Sullivan alianza kupeleka kazi hii Afrika, na Nigeria, Ghana na Ethiopia zikawa za kwanza.

Sisi Walutheri tusishangae sana kana kwamba ni jambo geni. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig huko Saksonia uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, naye Martin Luther akauandikia utangulizi. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na makundi manne: wakuu wenye ardhi, baraza la mji, wenyeji wa mji, na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Fedha zake zilisaidia wazee na yatima, zikasaidia pia vijana maskini kujifunza kazi ya mikono na mafundi waliokosa mtaji. Mara moja likazuka gombo: baraza la mji lilikataa kukabidhi mali, na Luther akalazimika kumwandikia mtawala kulalamika. Kufuli nne ni wazo zuri mpaka mmoja wa wenye funguo agome.

Sullivan naye alijua kwamba ajira peke yake huacha ufunguo mfukoni mwa mwajiri. Mwaka 1962, akihubiri juu ya mikate na samaki, aliwaomba washarika 50 watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Wakajitokeza zaidi ya 200. Fedha za miezi 16 ya kwanza zilikwenda katika mfuko wa huduma na masomo ya watoto. Za miezi 20 iliyobaki zilinunua hisa katika kampuni yao wenyewe. Waliambiwa wasitarajie faida upesi. Sisi wa Kilimanjaro na Meru tunaweza kulielewa jambo hili bila kuelezwa sana, maana wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 na KNCU mwaka 1933, na shule nyingi zilisimama kwa mifuko ya kahawa kabla ya kusimama kwa misaada. Kwa dola kumi kumi zile lilijengwa jengo la nyumba za kupanga, na mwaka 1968 likafunguliwa jengo la maduka katika barabara ya North Broad, Progress Plaza, kwa mkopo wa benki ambayo mwanzoni ilisita.

Si kila kitu kilidumu. Viwanda walivyofungua, kimoja cha nguo na kingine cha vipuri vya vyombo vya anga kilichosaidiwa na General Electric, havikuishi muda mrefu. Vyuo vya OIC vilifika miji zaidi ya mia, lakini kwa kutegemea fedha za serikali kuu, na zilipopunguzwa miaka ya 1980 vingi vilifungwa. Hapa tunamlaumu kidogo. Kilichojengwa kwa sadaka na kwa nguvu ya wanunuzi kilianza kuishi kwa ruzuku, na ruzuku haina usharika.

Kuhusu kampuni zenyewe alijifunza kwa uchungu. Mwaka 1971 General Motors ilimwingiza katika bodi yake ya wakurugenzi, mweusi wa kwanza kuketi pale. Katika mkutano mkuu wa mwaka ule ule alisimama na kuwapinga wakurugenzi wenzake, akitaka kampuni iondoke Afrika Kusini. Hakushinda. Mwaka 1977 akatoa kanuni kwa kampuni za Kimarekani zilizokuwa huko: zisibague mahali pa kazi, zilipe sawa kwa kazi sawa, ziwafundishe weusi kazi za juu. Kampuni nyingi zilitia sahihi. Ubaguzi ukaendelea, na zipo zilizoitumia sahihi kama mwavuli. Aliweka muda, ulipokwisha mwaka 1987, Mandela akiwa bado gerezani, Sullivan alitangaza kwamba kanuni zake hazikutosha, akazitaka kampuni zitoke.

Wako wenzetu wanaosema mfano huu unatosha kuonyesha kwamba Kanisa lisishirikiane na wenye mali katika mafunzo ya kazi. Mchungaji aliyejengewa karakana na kampuni atawezaje kuhubiri Yakobo 5 juu ya mishahara iliyozuiliwa? Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini tutazame hali yetu. Dayosisi zetu zina vyuo vya ufundi vyenye ushonaji, useremala, uashi, umeme. Kila mwaka tunafanya mahafali, tunawaombea wahitimu, wanaondoka na cheti. Wengi wanarudi nyumbani kusubiri. Jirani na sharika zetu za Arusha yapo mashamba ya maua, zipo hoteli za watalii, zipo karakana za magari ya mbugani. Waajiri wa nchi hii hulipa tozo ya kuendeleza stadi. Ni sharika ngapi zimewahi kukaa pamoja, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na majirani zetu Waislamu, zikamwuliza mwenye hoteli au shamba ni wangapi wa kijiji hiki wako katika kazi za juu, na ni mashine gani watoto wetu wajifunze? Tumechukua hatua ya pili ya Sullivan, ile ya chuo, tukaziacha ya kwanza na ya tatu. Ya kwanza inatisha kwa sababu baadhi ya wenye mali ndio wafadhili wa harambee zetu. Ya tatu ni ngumu kwa sababu washarika wamezoea kutoa bila kuonyeshwa hesabu, na hakuna atakayenunua hisa katika kampuni ya namna hiyo.

Progress Plaza nayo ilipata majaribu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 supamaketi yake ilifungwa, na kwa zaidi ya miaka kumi watu wa mtaa ule walisafiri mbali kununua mboga mbichi. Wenye jengo hawakuliuza. Walitafuta mpangaji, wakakarabati, wakangoja, na Desemba 2009 supamaketi nyingine ikafunguliwa pale pale. Jengo bado ni mali ya mfuko uliozaliwa kwa dola kumi kumi za washarika wa Zion.