Wi-Fi ya nyumbani inajikokota? Uliza historia

Ndugu msomaji, kama umelipia kifurushi cha megabiti 40 na bado video inakwamakwama ukiwa chumbani, usikimbilie kuongeza kifurushi. Nipe dakika tano kwanza. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini swali ninaloulizwa zaidi na jamaa na marafiki si la programu. Ni hili: mbona mtandao wa nyumbani uko polepole? Jibu halianzii kwenye rauta yako. Linaanzia Hawaii, mwaka wa 1971.

Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na tatizo ambalo mtu wa Lamu atalielewa bila kufafanuliwa: visiwa. Tarakilishi kubwa iko Honolulu, watumiaji wako visiwa vingine, na kuvuta waya baharini ni ghali. Profesa Norman Abramson na wenzake wakaunda ALOHAnet, mtandao uliotumia redio kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Wote walipiga kelele kwenye chaneli moja. Wawili wakisema kwa pamoja, hakuna anayesikika. Dawa yao ilikuwa rahisi: tuma; usipojibiwa, ngoja kwa muda wa kubahatisha, kisha rudia. Hesabu zilionyesha kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, utaratibu huo hutumia takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli.

Wi-Fi ni mjukuu wa ALOHAnet. Imejifunza adabu ya kusikiliza kabla ya kusema, lakini kwa miaka mingi kanuni ilibaki ile ile: kwenye chaneli moja, anasema mmoja, wengine wanangoja.

Hatua ya pili ni ya mwaka wa 1985. Marekani, kupitia tume yake ya mawasiliano FCC, iliruhusu watu kurusha data bila leseni katika masafa ambayo hayakuwa na mwenyewe, yakiwemo ya gigahezi 2.4 ambayo oveni za maikrowevu huyatumia. Ndiyo sababu hulipi leseni kuwasha rauta. Ndiyo sababu pia jirani wa juu, wa chini na wa ng'ambo ya ukuta wanaongea hewani papo hapo unapoongea wewe.

Kampuni ya NCR ilitaka kuunganisha mashine za malipo madukani bila waya, na mhandisi wake Vic Hayes akaongoza kamati ya 802.11 ya IEEE. Kiwango cha kwanza kilitoka 1997: megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka wa 1999 kikaja 802.11b chenye megabiti 11, na mwaka huo huo Apple ikaanza kuuza laptopu ya iBook iliyoweza kukitumia. Jina "Wi-Fi" lilizaliwa wakati huo, kwa sababu nani angenunua kitu kinachoitwa "IEEE 802.11b"?

Sasa tufike penyewe. Mwaka wa 2003 kilitoka 802.11g, megabiti 54. Kamati iliamua kwamba kifaa kipya lazima kielewane na cha zamani kwenye masafa yale yale. Uamuzi wa busara, lakini una bei. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa megabiti 54, inachukua milisekunde 0.22 hewani. Kwa megabiti 1, kasi ya chini kabisa ya 802.11b, inachukua milisekunde 12. Wi-Fi hugawa zamu, haigawi muda. Kila mmoja akipewa zamu moja, yule mzee anashika hewa kwa muda ambao kijana angetuma pakiti zaidi ya 50. Na uzee hapa si umri tu: hata simu mpya, ikiwa mbali nyuma ya kuta tatu za mawe, hushusha kasi yake na kuwachelewesha walio karibu.

Je, walikosea? Sidhani. Tarakilishi nyingi zilizofunza watu wa kwetu zilikuja za mitumba. Kama kila kizazi cha Wi-Fi kingefungia nje kilichotangulia, tungebaki mlangoni.

Zamani hata hatukuihisi bei hiyo. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea satelaiti kufikia intaneti ya nje. Intaneti iliyoingia nyumbani ilikuwa nyembamba kuliko hata megabiti 11. Leo nyuzi za kioo zinafika hadi sebuleni, na msongamano umehamia ndani ya nyumba. Kuongeza kifurushi wakati huo ni kupanua barabara kuu na kuacha mlango wa ploti ulivyo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, unganisha laptopu na rauta kwa waya, upime kasi. Ikiwa nzuri, mtoa huduma hana kosa. Tatizo ni hewa yako.

Pili, wape wazee njia yao. Rauta nyingi za siku hizi zina redio mbili. Printa na vifaa vya zamani viache kwenye gigahezi 2.4, simu na laptopu mpya zipeleke gigahezi 5, ambako 802.11b haikuwahi kuingia na kasi ya chini kabisa ya kawaida ni megabiti 6. Huko masafa hayapenyi kuta vizuri, lakini kero za jirani pia hazipenyi.

Tatu, kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani. Kama huna kifaa cha 802.11b, na rauta inaruhusu, zima kasi zake.

Nne, kisichotembea kipe waya. Runinga haina haja ya kugombania hewa.

Baada ya hayo ndipo ununue. Wi-Fi 6, ambayo kiwango chake kilichapishwa 2021, inaweza kugawa chaneli ili vifaa kadhaa vihudumiwe kwa zamu moja, mradi navyo viwe vya kizazi hicho. Iweke katikati ya nyumba, si nyuma ya runinga.

Hewa ni ya wote tangu Hawaii. Igawe vizuri kabla hujalipia zaidi.