Sayyid Said na Maharamia wa Ghuba

Katika miaka niliyofundisha historia chuoni, somo la Sayyid Said lilikuwa na njia yake iliyokwisha kukanyagwa na kila mwalimu. Ulianza na karafuu, ukapita kwenye misafara ya pembe, ukamalizia na kuhamia kwake Unguja. Vita vyake vya huko Ghuba vilipewa sentensi moja au mbili, kisha kengele ikalia. Mwaka mmoja mwanachuo wa nyuma, kijana wa Kilwa asiyekuwa na desturi ya kusema, aliniuliza: “Mwalimu, Waingereza walipokwenda kuwapiga maharamia, Sayyid Said alifuata nini?” Nilimjibu kwamba alikuwa rafiki yao. Akaandika. Kwa kuwa alikuwa akisomea ualimu, sina shaka jibu hilo amekwisha kuwapa watoto wengi, nao wakaliandika pia.

Swali lile lilinirudia mwaka 2012 nikiwa barazani Mikindani. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kulinda bahari kwa pamoja dhidi ya maharamia wa Kisomali. Baba mmoja, niliyemfundisha zamani, alikuwa na mtoto katika jeshi letu la wanamaji. Akataka rai yangu: je, yafaa vijana hawa wapelekwe kwenye maji ya watu? Nilisema waende, tena nilisema kwa sauti kubwa, kama tusemavyo sisi ambao hatutapanda meli yoyote. Usiku nilifungua vitabu vyangu, nikaanza kumfuata tena Sayyid Said, safari hii bila haraka ya kengele.

Tuanze na damu, maana mambo yalianzia hapo. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, mtawala wa Maskati, aliuawa baharini mwaka 1804 katika mapigano na watu wa kabila la Qawasim, wenye makao yao Ras al-Khaimah na Sharjah, na ng'ambo ya pili huko Linga katika pwani ya Uajemi. Qawasim walikuwa wafanyabiashara na mabaharia hodari, nao walishindana na Maskati kwa kila bandari na kila mzigo. Baadaye waliingia katika mwito wa Mawahabi wa Najd, na mashindano ya biashara yakavaa nguo ya dini. Said alianza kutawala mwaka 1806 akiwa kijana, mbele yake kukiwa na bahari iliyomuua baba yake.

Waingereza nao walikuwa na hesabu yao. Kampuni yao ya India ilikuwa na mkataba na Maskati tangu mwaka 1798, lengo likiwa kuwazuia Wafaransa. Qawasim walipoanza kuziteka meli zilizohusiana na Kampuni, ikiwamo Minerva mwaka 1808, serikali ya Bombay iliandaa msafara wa kijeshi. Hapo ndipo neno “maharamia” lilipogongwa kama mhuri juu ya watu wote wa pwani ile. Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, mtawala wa Sharjah na mzao wa watu hao hao, alitoa kitabu mwaka 1986 akipinga mhuri huo. Hoja yake ni kwamba Kampuni ilikuwa ikimwondoa mshindani wa biashara. Mimi nadhani anakwenda mbali kidogo, maana meli zilitekwa na watu waliuawa. Lakini ni kweli pia kwamba jina la haramia mara nyingi hutolewa na mwenye mizinga mingi. Hata Wasomali wa juzi walianza kwa kudai kwamba wanafukuza meli za kigeni zilizokuwa zikiwaibia samaki baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991. Baadhi yao walisema kweli, kabla fedha ya fidia haijawaonjesha utamu wake.

Novemba 1809 Waingereza waliishambulia Ras al-Khaimah, wakachoma majahazi mengi, wakavuka kwenda Linga. Kisha, mwanzoni mwa Januari 1810, waliandamana na Said kuipiga ngome ya Shinas, katika pwani yake mwenyewe, ambayo wapinzani wake walikuwa wameishika. Mizinga ilifanya kazi yake. Ngome ikaanguka, nayo ikakabidhiwa kwa Said ikiwa magofu. Waingereza wakapakia askari wao, wakarudi Bombay. Said hakuweza kuishika ngome iliyobomolewa, na Mawahabi wakaja kumpiga akiwa peke yake.

Hapa ndipo ningemrudisha yule kijana wa Kilwa asikilize. Rafiki alikuja na nguvu nyingi kwa majuma machache. Alipoondoka, majirani walibaki, nao walikuwa wameona nani alisimama pamoja na nani.

Hata hivyo, miaka kumi baadaye Said alikwenda tena. Desemba 1819 Meja Jenerali William Grant Keir alifika mbele ya Ras al-Khaimah na askari wapatao 3,000, na Said akaongeza meli na watu wake. Mji ulitekwa tarehe 9 Desemba. Tarehe 8 Januari 1820 ukafunguliwa mkataba wa amani, na mashehe wa pwani ile wakautia saini mmoja baada ya mwingine. Kwa Said huu ulikuwa ushindi hasa: adui aliyemuua baba yake alivunjwa meli zake na ngome zake. Hapa sitaki kumwonea. Peke yake asingeweza kufanya hivyo kwa miaka hamsini.

Lakini ukiusoma mkataba huo utaona kwamba waliofunga amani ni mashehe na Waingereza. Uingereza ndiyo iliyojifanya mlinzi na mwamuzi wa Ghuba, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1971. Maskati ilichangia meli na watu, lakini haikupata kiti cha mwamuzi.

Tena mambo hayakuishia baharini. Mwaka ule ule wa 1820 watu wa Bani Bu Ali, kabila la bara katika upande wa kusini-mashariki wa Oman, walishitakiwa kwa uharamia, na mjumbe aliyepelekewa barua kwao akauawa. Kabila hilo lilikuwa limemkana Said, kwa hiyo naye alikuwa na sababu zake za kutaka waadhibiwe. Mwezi wa Novemba Kapteni Perronet Thompson aliongoza askari wa Kihindi pamoja na watu wa Said, wakaenda kwa miguu hadi kwenye mitende ya kijiji kile. Bani Bu Ali walitoka na panga, wakawavunjavunja. Zaidi ya nusu ya askari wa Thompson waliuawa, na Said mwenyewe alipigwa risasi ya mkono akijaribu kumwokoa askari mmoja wa Kiingereza. Mwaka uliofuata ukaja msafara mwingine mkubwa kutoka Bombay, ukakiharibu kijiji na kuwachukua mateka. Thompson alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akakaripiwa. Said hakuwa na mahakama ya kumkaripia. Yeye alibaki na jeraha lake, na kabila zima lenye kisasi ndani ya mipaka ya nchi yake.

Napenda wasomaji wangu watazame tarehe zinazofuata. Mwaka 1822, miaka miwili tu baada ya risasi ile, Uingereza ilimletea Said mkataba wa Kapteni Moresby, wa kumzuia asiuze watumwa kwa mataifa ya Kikristo, nazo manowari za Kiingereza zikapewa ruhusa ya kukamata majahazi yake yatakayovunja sharti. Mstari wa baharini uliowekwa ulianzia Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo wavuvi wa kwetu huku hupafika kwa upepo mzuri. Biashara ile ilikuwa dhambi, na aliyeizuia alifanya jema. Sina la kuitetea. Ninachotazama ni ruhusa yenyewe: miaka miwili nyuma manowari zile zilikuwa zikiwapekua maharamia bega kwa bega na meli zake, na sasa zinapekua meli zake. Mwaka 1824 Kapteni Owen aliwakubalia Mazrui wa Mombasa, maadui wa Said, wapandishe bendera ya Uingereza. Ilimbidi Said angoje hadi mwaka 1826, London ilipoamua kuiteremsha.

Na jambo moja dogo, ambalo lilinichekesha nilipolisoma mara ya kwanza. Mwaka 1826 Said alijengewa Bombay manowari ya mizinga 74, akaiita Liverpool. Mwaka 1836 alimpa Mfalme William wa Nne kama zawadi, nayo ikabadilishwa jina ikawa Imaum. Mfalme alimrudishia mashua ya kifahari ya kutembelea, Prince Regent. Said hakuipenda sana. Mwishowe aliitoa kwa mkuu wa serikali ya India.

Sasa nirudi kwenye bahari tunayoiona sisi. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka Faina, iliyokuwa ikileta vifaru Mombasa. Novemba wakateka meli ya mafuta Sirius Star, yenye urefu wa mita zaidi ya 300, mbali sana kusini-mashariki ya Mombasa. Wakubwa walikuja upesi: Jumuiya ya Ulaya mwezi Desemba, Marekani na washirika wake, NATO, India, China. Manowari zilijaa. Lakini haramia akishakamatwa lazima awekwe mahali. Kenya iliingia makubaliano na Uingereza, Marekani na Ulaya, na jela ya Shimo la Tewa ikaanza kuwapokea. Aprili 2010 Kenya ikasema imechoka, kwamba mzigo ni mzito na msaada ulioahidiwa hautoshi. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba haina mamlaka juu ya makosa ya bahari kuu. Mahakama ya Rufani ilikuja kuutengua uamuzi huo Oktoba 2012. Manowari kubwa ilikuwa imeshusha watu gatini ikaenda zake, mahakimu wa Mombasa wakabaki na mafaili.

Wala sisemi kwamba mdogo akae ndani afunge mlango. Shelisheli ina nchi kavu ya kilomita za mraba 455, na bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 1,300,000. Tarehe 30 Machi 2010 boti yake ya doria Topaz, iliyotolewa na India, ilipambana na maharamia, ikawaokoa Washelisheli 6 na Wairani 21. Hawa walipigana mbele ya nyumba yao, kwa amri yao, na waliowakamata katika mapambano mengine waliwahukumu katika mahakama yao.

Afrika Kusini ndiyo inayonipa mawazo zaidi. Desemba 2010 chombo cha uvuvi cha Msumbiji, Vega 5, kilitekwa na watu 24. Wanamaji wa India walikikomboa Machi 2011, wakaokoa mabaharia 13. Mapema mwaka 2011 Afrika Kusini ilianza kupeleka manowari Mlango wa Msumbiji. Ilikuwa nazo nne tu. Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na maharamia hawakupata nafasi ya kuizoea njia ile. Lakini doria ya mbali hula mashine, na manowari moja ikiwa kaskazini nyingine lazima iwe njiani na nyingine fundini. Miaka ilivyokwenda, doria zikapungua, na kufikia miaka ya 2020 sehemu kubwa ya manowari hizo zilikuwa gatini zikingoja matengenezo. Wakati huo huo hatari mpya ilikuwa imechomoza kutoka nchi kavu: Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na Oktoba 2020 washambuliaji hao walivuka wakaingia Kitaya, katika mkoa wetu wa Mtwara. Sisi tulikuwa tukitazama baharini tu.

Ndiyo maana leo nisingemjibu yule baba kwa neno moja. Ningemuuliza kwanza maji yenyewe ni ya nani. Kwenye Mlango wa Msumbiji mtoto wake aende, maana jirani akitekwa leo, boti ya Mikindani itatekwa kesho, na majirani hao tutabaki nao wote wakishaondoka. Hata meli ya watafuta gesi ilishambuliwa Oktoba 2011 katika bahari yetu, na wanamaji wetu wakawakamata watu saba. Lakini kwenda Ghuba ya Aden chini ya amri ya mkubwa, tukiwa na vyombo vya kuhesabu kwa vidole, nisingekubali. NATO ilifunga shughuli yake huko mwishoni mwa mwaka 2016. Desemba 2023 meli Ruen ikatekwa. Wakubwa wana meli za kwenda na kurudi kila upepo unapogeuka.

Nimesahau kusimulia kilichotokea jioni ile barazani. Nilipokuwa nikisema kwa sauti yangu kubwa kwamba vijana waende, ulisikika mshindo kutoka ghubani. Watu hawakushtuka. Ilikuwa baruti ya wavuvi haramu, mara ya pili siku hiyo, na matumbawe ya hapo yalikwisha kuwa vifusi. Yule baba alinyamaza kidogo, akanitazama, akaniuliza boti ya doria ya huku kwetu iko wapi.