Disiki ya ambreyaji: kwa nini inatakiwa kukaa katikati kabisa

Kwenye garaji zetu za Bukavu, kijana anayejifunza ufundi anaanza kwa kuosha piyesi na kushikia wakubwa taa. Kisha siku moja anaambiwa arudishe bwate ya vitesi. Hapo njo anajua kama jicho peke yake halitoshi.

Disiki iko kati ya volani ya moteri na plato inayoibana. Kabla mabulo ya plato hayajakazwa, disiki inacheza. Ukikaza ikiwa imekaa pembeni hata milimita mbili, shafti ya bwate itapita kwenye meno ya disiki lakini itagonga kando ya beringi ndogo iliyo katikati ya volani. Bwate inagoma.

Dawa yake ni mti wa kulenga. Disiki mpya zingine zinauzwa pamoja nao, wa plastiki. Ukikosa, shafti ya zamani ya bwate ya namna ileile inafaa, hata seremala anaweza kukuchongea wa mbao, mradi upime vizuri matundu yote mawili. Uingize, ukaze mabulo kwa msalaba, kidogo kidogo. Mti ukitoka na kurudi bila nguvu, disiki iko fasi yake.

Kosa baya kuliko yote ni kuvuta bwate kwa mabulo yake. Bwate inatakiwa kugusa moteri kwa mikono tu. Ikibaki nafasi, toa, angalia tena. Ukilazimisha, ama ukiiacha ining'inie kwa shafti, unapinda disiki. Baada ya hapo vitesi vinakwaruza hata pedali ikiwa chini kabisa. Shofere anayeshuka Ngomo na mzigo hawezi kungoja vitesi ikubali kuingia.

Kupima nako kuna mahali pake. Kwenye Toyota nyingi, vichwa vya riveti vikibakiza chini ya 0,3 mm kufika uso wa disiki, disiki imekwisha. Hiyo ni unene wa karatasi tatu hivi za kuandikia, kwa hiyo tumia pie a kulisi, si kidole. Volani nayo, ukiizungusha chini ya komparateri, isiyumbe kupita 0,1 mm. Magari mengine yana vipimo vyao, vinaandikwa kwenye kitabu cha gari.

Angalia pia zile pini mbili fupi kati ya moteri na bwate. Mara mingi zinapotea siku ya kufungua na hakuna anayezitafuta, kwa sababu mabulo yanakaza hata bila zenyewe. Lakini bulo inabana tu. Pini njo inaweka bwate sawa na moteri.