SEHEMU YA 4: Gemu nalo ni sanaa

Nimetoka zamu ya usiku, niko nyumbani Kigombe, macho mazito. Ila niliahidi tuendelee.

Mwaka 2002 msanii Mmarekani, Cory Arcangel, alichukua kaseti ya gemu la Super Mario, akaifungua na kufuta kila kitu: Mario, maadui, njia. Yakabaki mawingu yanapita tu. Watu wakaenda kuyatazama kwenye majumba ya sanaa. Mwaka 2012 jumba la MoMA, New York, likaanza kuhifadhi magemu kama kazi za sanaa, likianza na 14.

Sasa rudi huku kwetu. Lual Mayen alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda; wazazi wake walikimbia vita vya kusini mwa Sudan. Alipotaka kompyuta, mama yake alidunduliza miaka 3 hadi zikatimia dola 300. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu liitwalo Salaam. Magemu mengi unashinda kwa kuua. Hapa wewe ndiye mkimbizi: unakimbia mabomu, unatafuta maji na chakula. Mwaka 2018 akatunukiwa kwenye The Game Awards, Marekani.

Mimi ananigusa yule mama. Juzi nilimnyang'anya mwanangu simu, nikamwita mvivu. Sikumuuliza hata anacheza nini. Leo nimemrudishia, kwa masharti: kwanza daftari, halafu anieleze yeye angetengeneza gemu la nini.

Kanijibu: la wavuvi. Jamani, nikakaa chini kumsikiliza.