Ngano na Trekta katika Nyanda za Mbulu

Ngano ilianza kulimwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, na wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia wameilima kwa plau ya maksai tangu kale. Huko Karatu, kaskazini mwa Tanzania, ngano ilifika katika karne ya 20, na ikashamiri kwa mashine. Wairaqw waliohamia huko kutoka Mama Isara, nchi yao ya asili, ambako ardhi ilishawabana, walizoea kulima mtama na mahindi kwa jembe la mkono, tena katika vishamba vilivyorutubishwa kwa samadi.

Kaskazini mwa Tanganyika walowezi wa Kizungu ndio waliotangulia kupanda ngano. Kufikia miaka ya 1960 Wairaqw wa Karatu, hasa wenye mtaji, walikuwa wameipokea kwa bidii, kiasi kwamba mchumi Philip Raikes aliifanya kuwa somo la utafiti wake. Sababu iko wazi: mahindi hudai palizi na mikono mingi ya kuvuna, lakini ngano hupandwa, huvunwa na kupurwa kwa trekta na kombaini. Mwenye mashine aliweza kulima eneo ambalo jembe lisingeligusa. Asiye nayo alikodi, au alikodisha shamba lake.

Kusini zaidi, Hanang, kilimo hichohicho cha ngano kwa mashine kiliendeshwa na dola. Shirika la NAFCO, lililoundwa mwaka 1969, lilifungua kwa msaada wa Kanada mashamba saba ya ngano yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Udongo uliochaguliwa ulikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote ya wafugaji Wabarbaig, na trekta zililima hata juu ya makaburi ya wazee wao. Dhuluma hiyo haifidiwi na magunia yaliyovunwa. Kijiji cha Mulbadaw kililishtaki shirika hilo. Mahakama Kuu ilikipa haki mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Msaada wa Kanada ulikoma miaka ya 1990, na baadaye mashamba yakabinafsishwa.

Katika Karatu kwenyewe, ngano haikuenea kila mahali. Hupenda baridi ya miinuko, kama Mbulumbulu na Oldeani. Endabash, iliyo chini zaidi na yenye mvua haba, haina ubaridi huo. Wakulima wake huchanganya mahindi na mbaazi, ambayo mizizi yake mirefu hufuata unyevu chini ardhini hata mahindi yakishavunwa.