Kuta za Kilosa na Maji ya Mkondoa

Mji wa Kilosa umekaa pale mto Mkondoa unapotoka kwenye bonde jembamba la milima ya Usagara na kuingia katika uwanda wa Mkata. Misafara ya Bagamoyo iliyokuwa ikienda Unyanyembe iliufuata mto huo kwa sababu ulikuwa na maji na ulikuwa umekwisha kuipasua milima. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 kapteni Mfaransa, Bloyet, aliweka kituo Kondoa, jirani kabisa na Kilosa ya leo. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba iliyompa Mjerumani kisingizio cha kutawala. Kisha reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ikashika bonde lile lile. Kila zama zilizoacha jengo hapa ziliufuata mto, na mto huo huo ndio unaoyatishia majengo hayo. Basi kuna wazo linalovutia: majengo ya kale yabomolewe kwa utaratibu, jiwe baada ya jiwe, yakajengwe upya mlimani. Naliheshimu wazo hilo, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaojali, lakini naona kwamba kwa kuta za aina yetu kubomoa ni kupoteza. Kinachohamishika ni mbao, chuma na vipimo. Kuta zenyewe zitaokolewa pale zilipo au hazitaokolewa.

Hatari yenyewe ni ya kweli, wala si ya jana. Msafiri Stanley alipita uwanda wa Mkata katika masika ya 1871 na kuukuta umegeuka kinamasi kilichowachosha watu na kuua wanyama wake. Aliporudi mwaka uliofuata, aliukuta mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya sasa, umepoteza ukuta wake mzima wa mbele. Ukuta huo, ambao mwaka mmoja kabla ulimstaajabisha kwa uimara, ulichukuliwa na mafuriko pamoja na nyumba zilizokuwa nyuma yake. Kwa Kilosa, mwisho wa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji. Maelfu ya watu walikimbilia kambini. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa sehemu nyingi, na kwa miezi kadhaa treni za abiria kwenda bara zilianzia Dodoma. Bwawa la Kidete, lililokuwa likiyapunguzia maji kasi huko juu, lilikuwa limebomoka kabla ya hapo. Kwa hiyo anayesema majengo ya bondeni hayako salama anasema kweli, na sina haja ya kumpinga hapo.

Ninachopinga ni mfano anaoutegemea. Watu wengi wakisikia habari ya kuhamisha jengo la kale hukumbuka Abu Simbel, kusini mwa Misri, ambako kati ya 1964 na 1968 mahekalu ya Ramses wa Pili yalikatwa vipande zaidi ya elfu moja na kupandishwa kiasi cha mita 65 ili ziwa la bwawa la Aswan lisiyafunike. Lakini mahekalu yale yalichongwa katika mwamba mmoja. Ukiukata kwa msumeno unapata vipande vya kutia namba, na kila kipande kina mahali pake. Ukuta wetu wa kale, wa pwani au wa bara, mara nyingi ni mawe yasiyo na kipimo yaliyoshikwa kwa chokaa au udongo, na nguvu yake imo katika ule mshiko. Ukishauvunja, unabaki na rundo la mawe na vumbi. Mawe yatatumika tena, kweli, lakini kama mawe tu. Mafundi wa pwani hulijua jambo hili tangu zamani: nyumba ikianguka, wanachukua boriti na mlango, na kifusi wanakiacha. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja mlango uliochongwa kabla ya 1940 kuwa kitu cha kulindwa peke yake, kana kwamba watunga sheria waliona kuwa mlango una maisha nje ya ukuta wake. Na Wamarekani walipotaka kuuokoa mnara wa taa wa Cape Hatteras usiliwe na bahari, mwaka 1999, hawakuubomoa, ingawa ni wa matofali. Waliusogeza ukiwa mzima kiasi cha mita 880, kazi iliyogharimu mamilioni ya dola.

Atakayenijibu atasema: mbona reli yenyewe imehama? Ni kweli kwamba reli mpya ya kisasa, ambayo tangu 2024 inabeba abiria hadi Dodoma, inapita milima ya Kilosa kwa mahandaki na madaraja, na mpangilio huo unaiweka mbali zaidi na mkondo wa mto. Lakini njia ni njia. Thamani yake iko katika kufika, nayo ikipinda upande mwingine na msafiri akafika, hakuna kilichopotea. Stesheni au boma la zamani lina thamani ya ushahidi: linatuonyesha kwamba mtawala aliyekuja alikaa karibu na maji, karibu na njia ya misafara, karibu na watu aliotaka kuwatoza kodi. Ukilipandisha mlimani, hata kama kila tofali limefika salama, litakuwa linaeleza mambo ambayo hayakutokea mlimani.

Jibu zito zaidi ni kwamba tuta lilishavunjika, na kulitegemea tena ni kurudia kosa. Nakubali kwamba tuta pekee halitoshi. Ila Kilwa Kisiwani inatupa somo lililo letu. Mwaka 2004 magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mojawapo ya sababu ilikuwa bahari iliyokuwa ikiila pwani ambako ngome iitwayo Gereza imesimama. Hakuna aliyelihamisha Gereza. Kingo za mawe zilijengwa, mikoko ikapandwa, kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo. Kwa Kilosa, kazi ya namna hiyo haianzii mjini. Inaanzia juu, kwenye miteremko iliyokatwa miti na kwenye mabwawa ya kupunguza kasi, kisha inashuka hadi chini ambako mto unahitaji nafasi ya kutanuka. Tazama Mikumi: uwanda ule ule wa Mkata, ndani ya hifadhi iliyotangazwa 1964, hulowa kila masika, na hakuna anayeuita huo msiba, kwa sababu maji yameachiwa mahali pa kukaa.

Wakati kazi hiyo ndefu ikiendelea, kuna ndogo ambayo haingoji fedha nyingi. Kila jengo la kale la Kilosa lipimwe, lichorwe na kupigwa picha, ukuta kwa ukuta. Milango, madirisha, mbao za paa na vyuma vitiwe namba, ili mto ukitangulia viondolewe kwa siku moja na vijulikane vilikotoka. Hapo ipo kasoro moja ya kurekebisha. Sheria yetu inalilinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya 1886, nalo boma la Mjerumani ni la baada ya hapo. Jengo la umri huo hulindwa tu waziri akilitangaza. Bila tangazo hilo, halmashauri inayotaka kiwanja inaweza kulivunja kabla Mkondoa haujafika.